Seli isiyo na kiini na mgeni wake mwenye kiini

Juzi mtoto wa kaka yangu alinijia na daftari la skuli. Kachora duara, katikati kiini, pembeni mitokondria, ribosomu na vifuko vya Golgi, kila kimoja na jina lake.

"Ami, nyinyi maabara ndivyo mnavyoiona?"

Nikamwambia sivyo. Miaka yote hii nimeinamia hadubini hapa Pemba na seli kama ile haijanipitia machoni. Mchoro wa skuli umerundika kila kitu mahali pamoja, wakati seli halisi hubeba vya kufanyia kazi yake tu.

Damu inaonesha vizuri. Unapaka tone jembamba kwenye kioo, likikauka unaligandisha kwa methanoli, halafu unalitia rangi ya Jiemsa. Weka tone la mafuta, shusha lenzi ya mara 100, na kwa kuwa ya jichoni ni ya mara 10, unaona kitu kimekuzwa mara 1,000. Kiini hushika rangi ya zambarau na saitoplazimu, ute unaokizunguka, huwa na ubuluu. Kuna seli nyeupe ambayo kiini chake kimegawika mapande matatu au manne yaliyoshikana kwa nyuzi. Nyingine kiini kimeijaza karibu yote, saitoplazimu imebaki ukingo tu.

Seli nyekundu ndizo tele, vijisahani vya waridi vilivyobonyea katikati, upana maikromita 7 au 8. Kiini hazina. Kilikuwepo zilipokuwa ndani ya uboho wa mfupa, zikakitoa, halafu mitokondria na ribosomu nazo zikaondoka. Nafasi yote ikachukuliwa na himoglobini, protini inayoshika oksijeni. Na kwa kuwa mitokondria ndiyo inayotumia oksijeni, seli hii hubeba oksijeni mwili mzima bila kuitumia yenyewe, mpagazi asiyeonja mzigo wake. Nguvu zake hupata kwa kuvunja glukosi bila oksijeni. Lakini bila maagizo ya kiini, na bila ribosomu za kuunda protini, ikichakaa haina cha kujitengenezea. Baada ya siku 120 hivi imekwisha, nyingi huishia kwenye bandama. Utando wa nje tu ndio haikuuacha, maana seli bila utando ni maji yaliyomwagika.

Sasa aje mgeni. Kimelea cha malaria kikiwa kichanga ndani ya seli nyekundu tunakiita pete: duara la buluu lenye kitone chekundu, kama pete na kito chake. Kitone kile ni kiini. Yaani mwenye nyumba hana kiini, aliyevamia anacho! Ndiyo maana huniudhi watu wanapokichanganya kimelea hiki na bakteria. DNA ya bakteria, yaani maagizo yake ya urithi, haimo ndani ya utando wa kiini. Kwa muundo, kimelea kiko upande wetu, na mitokondria anayo.

Ana na oganeli nyingine, yaani kiungo kidogo cha ndani ya seli, iitwayo apikoplasti. Asili yake ni mwani mwekundu uliomezwa na mababu zake zamani sana. Ni ndugu wa kloroplasti, ingawa haitumii tena mwanga wa jua, na hadi leo imefungwa kwa tando nne. Dawa ya doksisaiklini huzuia ribosomu za humo, kwa hiyo kimelea hakifi mara moja, kizazi kinachofuata ndicho kinachokwama. Wengi huitumia kwa kinga, au pamoja na dawa nyingine.

Na mwani mwekundu si mgeni kwetu. Spinosamu na kotonii wanaofunga kina mama kwenye kamba huko pwani ni jamii hiyo, hata ukiwaona wa kijani au kahawia. Wanunuzi wanachokitafuta ni karajinani, kitu cha kugandishia vyakula, iliyomo kwenye ukuta wa seli zake, ukuta ambao seli zetu hazina.

Kijana alisikiliza, akashika kifutio, akakisogeza juu ya kiini chake.

"Ami, nikikifuta mwalimu atanipa maksi?"

Nikamwambia akiache palepale.