Ugomvi wa samaki wenye milia haupunguzwi kwa kupunguza idadi yao
Imekuwa ikisemwa kwa muda mrefu kwamba Puntigrus tetrazona, samaki mdogo wa rangi ya dhahabu mwenye milia minne myeusi, ni mchokozi kwa asili, na kwamba dawa yake ni kufuga wawili au watatu tu katika tangi. Ushauri huo, kwa bahati mbaya, ndio unaozidisha ugomvi. Samaki huyu, ambaye asili yake ni mito ya kisiwa cha Sumatra, Indonesia, huishi kwa makundi, na ndani ya kundi kuna ngazi ya ubabe inayopangwa na kupangwa upya kwa kufukuzana, kukabiliana uso kwa uso na kudonoana. Wakiwa wanane au zaidi, mikwaruzano hiyo hugawanyika miongoni mwao, na kwa kawaida huisha bila jeraha. Wakiwa watatu, mnyonge huandamwa mfululizo, na mara nyingi samaki wa jamii nyingine ndio wanaonyofolewa mapezi. Ni kweli kwamba kundi kubwa linahitaji tangi kubwa, hasa lenye urefu wa kutosha kuogelea. Hata hivyo, wingi hauondoi hulka yote: samaki wa mwendo wa pole wenye mapezi marefu, kama vile Betta splendens, wasiwekwe nao kabisa.