Mazoezi kwa mwenye moyo ulioshindwa: dhana zinazomrudisha kitini

Mtu akishaambiwa moyo wake unashindwa kusukuma damu inavyotakiwa, nyumba nzima hubadilika. Ananyang'anywa kila alichoshika, anatengewa kiti chake, na akiinuka kwenda kuchukua maji ya kunywa watu watatu wanasimama kwa pamoja: "Kaa, kaa, tutakuletea." Nia ni njema kabisa. Lakini baada ya miezi michache mgonjwa hawezi kupanda hata ngazi chache, na kila mtu anaamini ni ugonjwa uliosonga mbele, kumbe sehemu kubwa ya lawama ni ya kile kiti.

Haya nimewaandikia zaidi wanaomsaidia mgonjwa kuliko mgonjwa mwenyewe: mwenza, mtoto, nesi, mtaalamu wa fiziotherapia. Kumwanzisha mazoezi si kazi ngumu. Kazi iko katika kuhakikisha kwamba mwezi wa sita bado anayafanya, na mara nyingi kinachomkwamisha ni maneno anayoyasikia kila siku kwa watu wanaompenda.

Dhana: "Moyo umechoka, uachwe upumzike"

Hii haikuzuka mitaani, ilitoka hospitalini. Kwa miongo mingi madaktari wenyewe waliwaagiza wagonjwa hawa walale kitandani, na wapo wazee waliosikia ushauri huo wakiwa vijana na hawajausahau mpaka leo.

Ubaya wa kitanda ulidhihirika hata kwa watu wasioumwa. Mwaka 1966, huko Dallas, Marekani, vijana 5 wenye afya njema walilazwa kitandani kwa wiki 3. Miaka 30 baadaye, wakiwa wamefikia umri wa miaka 50, walipimwa tena. Ikaonekana kwamba zile wiki 3 ziliwapunguzia uwezo wa mwili kuliko miaka 30 ya kuzeeka. Sasa mfikirie mgonjwa aliyekaa kitini miezi minane. Mwaka 1990 Andrew Coats na wenzake wa Uingereza walichapisha katika jarida la Lancet jaribio dogo la wagonjwa wenye moyo ulioshindwa waliofanya mazoezi ya baiskeli nyumbani. Uwezo wao uliongezeka na dalili zikapungua, na tangu hapo utafiti mmoja baada ya mwingine umekuwa ukielekea upande huohuo.

Siri iko miguuni. Moyo ukiwa dhaifu kwa muda mrefu, misuli ya mapaja na vigimbi husinyaa, huchoka upesi na hushindwa kuitumia vizuri oksijeni inayoletewa. Mishipa ya damu nayo hupoteza wepesi wa kutanuka, na misuli ya kupumulia hulegea. Ndiyo maana unaweza kukuta wagonjwa wawili wenye majibu yaleyale ya kipimo cha eko (picha ya moyo inayopigwa kwa mawimbi ya sauti), mmoja anatembea kilomita nzima na mwingine anakwama mlangoni. Moyo wenyewe huenda usibadilike sana kwa mazoezi, lakini miguu hufundishika.

Kupumzika kuna wakati wake, tena wa lazima. Mwili ukiwa umejaa maji, mgonjwa akihema hali amekaa, mapigo ya moyo yakiwa yamevurugika na hayajadhibitiwa, kifua kikiuma bila kutulia, au valvu ya moyo ikiwa imebana sana, mazoezi yasubiri mpaka daktari aseme. Uzito ukipanda kwa zaidi ya kilo 2 ndani ya siku 3, hayo ni maji, na siku hiyo mnapiga simu kliniki badala ya kuvaa viatu vya kutembelea.

Dhana: "Akianza kuhema, asimame papo hapo"

Zoezi lisilomfanya mtu aheme hata kidogo halimsaidii sana. La kuangalia ni kiasi. Wengi huambiwa wahesabu mapigo ya moyo, ushauri unaomfaa mtu mwingine. Wagonjwa wengi wa moyo wanatumia dawa za betabloka, ambazo kazi yake ni kupunguza kasi ya mapigo, na wengine mapigo yao hayana mpangilio. Saa ya mkononi inaweza kusema 90 na mwenye mkono yuko hoi.

Kinachotumika zaidi ni mgonjwa kujisikiliza mwenyewe. Gunnar Borg, mwanasaikolojia wa Uswidi, alitunga kipimo kinachoanzia 6, yaani hakuna jitihada yoyote, hadi 20, yaani nguvu zote zimekwisha. Wagonjwa hawa kwa kawaida hupangiwa 11 hadi 14: kazi inasikika lakini haitishi.

Ukiwa pembeni yake, inakwenda hivi. Dakika chache za mwanzo mnatembea taratibu kama watu wasiowahi kokote, mwili upate moto. Kisha mnaongeza mwendo kidogo. Hapo mwulize jambo linalohitaji maelezo. Usimwulize "uko sawa?", maana atajibu "ndiyo" hata akiwa taabani, hasa kama ni baba yako. Akikusimulia sentensi nzima ndipo akavuta pumzi, mwendo ni huo. Akianza kutoa maneno mawili mawili, punguzeni kasi bila kukaa. Kifua kikibana, kizunguzungu kikimjia, jasho la baridi likamtoka au moyo ukaanza kurukaruka, simameni. Na maumivu ya kifua yasiyoisha kwa kupumzika yanataka hospitali mara moja. Mkikaribia kumaliza, rudisheni mwendo chini kwa dakika 5 hadi 10, kwa sababu ukikatisha ghafla presha huweza kushuka, na dawa nyingi za moyo zinaishusha tayari. Akiamka kesho yake bado amechoka na zoezi la jana, basi la jana lilizidi.

Dhana: "Akishaelewa faida, atafanya mwenyewe"

Laiti ingekuwa hivyo. Mwaka 2009 yalitoka matokeo ya utafiti mkubwa ulioitwa HF-ACTION, uliohusisha wagonjwa 2,331 wa Marekani, Kanada na Ufaransa. Waliopangiwa mazoezi walianza chini ya uangalizi, vipindi 36, kisha wakaendelea nyumbani. Lengo lilikuwa dakika 120 kwa wiki. Kati ya mwezi wa nne na wa sita, mgonjwa wa katikati, yaani nusu walifanya zaidi yake na nusu pungufu, alikuwa akifanya dakika 95 kwa wiki. Kufikia mwezi wa kumi hadi wa kumi na mbili alikuwa amebaki na 74. Hawa ni watu waliojitolea wenyewe, wakaelimishwa na kufuatiliwa kwa karibu. Kwa hiyo mgonjwa wako akilegea usimwite mvivu.

Ukichunguza, sababu zinazomkalisha mtu huwa ndogo na za aibu, ndiyo maana hazisemwi kliniki. Mojawapo ni dawa za kupunguza maji. Mtu ameimeza saa moja asubuhi, saa mbili anatakiwa akatembee, na anajua fika kwamba kabla hajafika popote mkojo utambana. Atasema mguu unauma. Atasema kuna jua. Hatasema mkojo. Ukigundua ni hilo, zoezi lihamishwe muda, au mmwulize daktari kama dawa inaweza kumezwa saa nyingine, au mzunguke njia ambayo choo hakiko mbali. Nimeona tatizo hili likitajwa mara chache mno kulinganisha na mihadhara tunayowapa wagonjwa kuhusu nidhamu.

Nyingine ni hofu. Mtu aliyewahi kuamka usiku akitafuta hewa haoni tofauti kati ya kuhema kule na kuhema kwa kutembea. Maneno hayamtoi hofu hiyo. Huitoa mwenyewe siku anapohema, anapunguza mwendo, na pumzi inarudi. Vipindi vichache vya mwanzo mbele ya mtaalamu vina thamani hasa kwa sababu hiyo. Ipo pia huzuni nzito, ambayo huwapata wengi wenye ugonjwa huu na humwondolea mtu hamu ya chochote. Mazoezi huipunguza kiasi, hilo lilionekana katika HF-ACTION pia, lakini ikiwa kubwa inahitaji tiba yake.

Kinachosaidia kwa uzoefu wangu si hamasa bali mpangilio. "Nitajitahidi kutembea" haifiki mbali. "Kila nikimaliza chai ya asubuhi, navaa viatu, naenda mpaka kona na kurudi" hufika. Dakika ziwe chache mwanzoni, hata 5 mara tatu kwa siku, kisha ziongezwe kabla ya kuongeza kasi. Wekeni daftari la kuandika dakika na alama ile ya Borg, basi. Kisha pangeni mapema siku mbaya itakuwaje, kwa sababu zitakuja: siku ambayo hajalala vizuri, lakini uzito haujapanda na miguu haijavimba, atafanya nusu, au atainuka na kukaa kitini mara kumi. Asiye na mpango wa siku mbaya huacha siku hiyo, na kesho yake inakuwa rahisi zaidi kuacha.

Wala si lazima iwe hospitalini. Uingereza wametengeneza mpango wa nyumbani uitwao REACH-HF, wenye mazoezi ya kwenye kiti na ya kutembea, na mlezi wa mgonjwa amepewa nafasi yake ndani yake. Hali ya maisha ya wagonjwa ilikuwa nzuri zaidi kuliko ya waliopata huduma ya kawaida tu. Raha nayo ina uzito. Mwaka 2011 wagonjwa 100 walishiriki jaribio la tai chi, mazoezi ya Kichina ya mwendo wa polepole, huko Marekani. Kwa waliofanya tai chi, uwezo wa mwili kutumia oksijeni haukupanda kuliko wa wenzao waliopewa elimu tu, ila walijisikia vizuri zaidi na kujiamini zaidi katika kufanya mazoezi. Mtu anayependa kucheza muziki, acheze muziki.

Dhana: "Amezeeka, tena katoka hospitali juzi"

Utafiti wa REHAB-HF wa mwaka 2021 ulichukua watu wa namna hiyohiyo: wazee 349, wengi dhaifu, waliolazwa kwa moyo kuzidiwa. Waliopangiwa mazoezi walianza wakiwa bado wodini, na hawakuanza na kutembea sana. Walianza na kusimama bila kuyumba, kuinuka kitini, nguvu za miguu. Miezi mitatu baadaye walikuwa na uwezo mkubwa zaidi kuliko wenzao waliopata huduma ya kawaida. Anayeyumba akikimbizwa kwenye matembezi ataanguka, na akianguka mara moja hutamtoa tena nje.

Kwa wengine pia nguvu zisisahauliwe. Mara mbili kwa wiki, uzito mwepesi, bila kubana pumzi wakati wa kunyanyua.

Dhana: "Eko haijabadilika, kwa hiyo tunajisumbua"

Hapa wengi hukata tamaa baada ya kazi nzuri. Msipime mazoezi kwa eko. Pimeni ni mara ngapi anainuka kitini kwa sekunde 30, au anakwenda mita ngapi kwa dakika 6. Ongezeko la mita 30 hivi mgonjwa mwenyewe hulihisi. Wapo hata ambao kipimo chao cha usukumaji kilikuwa cha kawaida tangu mwanzo, shida yao ni moyo uliokakamaa, na wao pia mazoezi huwaongezea uwezo.

Dhana: "Akizoea mazoezi, ataacha dawa"

Hapana. Mwaka 2019 yalichapishwa matokeo ya jaribio la TRED-HF, la watu ambao moyo wao ulikuwa umetanuka kisha ukapona kwa vipimo vyote. Kati ya 25 waliopunguziwa dawa mpaka zikaisha, 11 ugonjwa uliwarudia ndani ya miezi 6, na hiyo ilikuwa chini ya macho ya madaktari. Mazoezi nayo tusiyape sifa yasiyostahili: uchambuzi wa mwaka huohuo wa Cochrane, mtandao wa kimataifa wa watafiti wanaojumlisha tafiti za tiba, uliokusanya majaribio 44 yenye washiriki 5,783, ulionyesha kulazwa kunapungua na maisha yanakuwa bora, lakini ndani ya mwaka wa kwanza tofauti ya vifo haikuonekana.

Dhana: "Ana kifaa cha kushtua moyo, kitalipuka akikimbia"

Hakilipuki. Hupandikizwa kifuani, na hushtua moyo pale tu mapigo yanapokwenda kasi ya hatari. Muulizeni daktari kifaa kimewekwa kishtue mapigo yakifika mangapi kwa dakika, kisha mazoezi yabaki chini ya hapo kwa mapigo 10 hadi 20. Wiki za mwanzo baada ya kuwekewa, mkono wa upande ule usinyanyuliwe juu ya bega.

Dhana: "Ameacha wiki mbili, tumerudi sifuri"

Kila mtu ataacha wakati fulani: mafua, msiba, safari, kulazwa. Nguvu hupungua kweli, lakini hazirudi pale alipokuwa siku ya kwanza kabisa. Aanze na nusu ya dakika alizoachia, aongeze kila siku chache kama kesho yake anaamka vizuri. Aliyelazwa kwa ajili ya moyo apate ruhusa kwanza, maana dawa huenda zimebadilishwa na presha yake si ile ya mwezi uliopita. Na daftari msianze jipya. Kurasa zenye siku tupu zibaki zilivyo, daktari atazitaka akitafuta ni lini hasa hali ilianza kubadilika.