Ubia kati ya biashara na shule ya umma ni nini hasa?

Neno ubia ni la biashara. Watu wawili wakifungua duka kwa ubia, kila mmoja ameweka kitu chake ndani: mtaji, jengo, ujuzi au jasho. Faida wanagawana, hasara wanagawana, na kila mmoja ana haki ya kumdai mwenzake hesabu bila kuonekana mchokozi. Haki hiyo ya kudaiana hesabu ndiyo inayopotea neno linapopelekwa shuleni. Kampuni inaleta madawati, meneja anapigwa picha mbele ya ubao pamoja na mwalimu mkuu, na kesho yake taarifa inasema "ubia". Ule ni ufadhili. Ni jambo jema, na shule nyingi zingekwama bila huo, lakini mfadhili hutoa, shule hushukuru, na mambo huishia hapo.

Ubia, kwa maana yake kamili, ni makubaliano ya kudumu kwa muda kati ya biashara moja au zaidi za eneo fulani na shule inayoendeshwa kwa kodi za wananchi, ambamo kila upande unaahidi jambo linaloweza kupimwa. Biashara inaweza kuahidi nafasi za mafunzo kwa vitendo, muda wa mafundi na wataalamu wake, mashine za karakana, au ajira kwa wahitimu. Shule nayo, ingawa mara nyingi hudhaniwa haina cha kutoa, ina mengi: inaweza kupanga upya ratiba, kumtenga mwalimu mmoja awe mratibu, kurekebisha mazoezi yaendane na kazi inavyofanyika leo, na kuhakikisha mwanafunzi anayepelekwa kazini anajua kusoma kipimo na kufika kwa wakati.

Mfano unaoonyesha jambo hili vizuri ni wa mji wa Boston, Marekani. Mwaka 1982 wafanyabiashara wa mji huo na shule za umma walifikia makubaliano yaliyojulikana kama Boston Compact. Upande mmoja uliahidi kuwapa vijana wa shule hizo kipaumbele katika ajira. Upande wa pili uliahidi kuinua mahudhurio na alama, na kupunguza idadi ya wanaoacha masomo njiani. Ajira zilitolewa. Wanaoacha masomo hawakupungua kama ilivyoahidiwa, na ulipofika wakati wa kuhuisha makubaliano, wafanyabiashara waligoma kutia saini mpaka shule zikubali mageuzi. Makubaliano mapya yalipatikana mwaka 1989. Wapo wanaousimulia mgomo ule kama dalili ya kushindwa. Mimi naona kinyume chake: ile ndiyo ilikuwa siku ubia ulipoonekana kuwa ubia. Aliyeleta madawati hana kifungu cha kugomea.

Ujerumani imeifanya kanuni hii kuwa mfumo wa nchi nzima. Chini ya sheria ya mafunzo ya ufundi ya mwaka 1969, kijana anayejifunza ufundi kwa njia hiyo huingia mkataba na mwajiri, kwa kawaida kwa miaka miwili hadi mitatu na nusu. Siku nyingi za wiki yuko kazini, siku moja au mbili yuko shule ya ufundi inayogharamiwa na serikali. Mwajiri humlipa posho, na mtihani wa mwisho husimamiwa na chemba za biashara na za mafundi, si na kampuni iliyomfundisha. Kipengele hiki cha mwisho kina uzito kuliko kinavyoonekana, kwa sababu cheti kikitolewa na kampuni yenyewe, kijana amefundishwa kumfaa bwana mmoja tu.

Kwa namna nyingine, kampuni ya kompyuta ya IBM iliungana mwaka 2011 na mamlaka ya shule za New York pamoja na chuo kikuu cha umma cha jiji hilo kuanzisha shule ya sekondari ya P-TECH huko Brooklyn. Mwanafunzi huingia bila mtihani wa kuchuja, na katika miaka 6 anaweza kutoka na cheti cha sekondari pamoja na shahada ya awali ya miaka miwili. Kampuni iliahidi kuwafikiria wahitimu kwanza inapoajiri. Kuwafikiria kwanza si kuwaajiri, na mzazi anayesoma mkataba wa aina hii aitafute tofauti hiyo.

Kuna pia kitu kinachovaa kanzu ya ubia lakini ni biashara ya matangazo. Kuanzia mwaka 1990, Channel One, kampuni ya vipindi vya habari kwa wanafunzi, ilizipa shule za Marekani televisheni na mitambo, kwa sharti kwamba wanafunzi watazame kila siku kipindi cha dakika 12, dakika 2 kati ya hizo zikiwa matangazo. Kampuni za soda nazo zililipa shule ili zisiuze vinywaji vya mshindani. Mwaka 1998, katika shule moja ya jimbo la Georgia, mwanafunzi alisimamishwa masomo kwa kuvaa fulana ya Pepsi siku shule ilipokuwa ikiwakaribisha wageni kutoka Coca-Cola. Nipe nikupe ilikuwepo, hilo halina ubishi. Ila kilichotolewa na shule ni macho ya watoto ambao sheria inawalazimisha kuwa darasani, na mali hiyo si ya mwalimu mkuu kuiuza.

Jaribu lingine la kampuni ni kumgeuza mwanafunzi kibarua wa bure. Mkataba namba 138 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1973, unaruhusu mwenye umri wa miaka 14 na kuendelea kufanya kazi ndani ya kampuni ikiwa kazi hiyo ni sehemu ya masomo au mafunzo na inafuata masharti ya mamlaka husika. Swali la kumuuliza mwanafunzi ni jepesi: wiki hii umejifunza nini ambacho wiki jana hukukijua? Akijibu kwamba anafagia tangu siku ya kwanza, hayo si mafunzo.

Biashara ndogo huogopa kuingia, zikidhani ubia ni wa makampuni makubwa. Fundi umeme mmoja anayepokea wanafunzi wawili kila Ijumaa kwa muhula mzima ni mbia kamili. Asichokuwa nacho ni ofisi ya kushughulikia bima, fomu na ratiba, na ndiyo sababu mratibu wa shule ni wa lazima. Bila yeye kila kitu hukaa kichwani mwa watu wawili, na mmoja wao akihamishwa, ubia unahama naye.

Kwa hiyo makubaliano huandikwa, hata yakiwa ukurasa mmoja: nani anatoa nini, kwa muda gani, nani anakagua, na mashine zilizofungwa karakana zinabaki kuwa za nani siku biashara ikifunga milango.