Je, wajua 12.5 ya kikokotoo ni miaka ya nani?

Jirani yangu ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Morogoro. Ana miaka 57, na tangu mwaka jana anazunguka na swali moja: atoke sasa kwa hiari au asubiri 60. Juzi jioni alinikuta barazani, akafungua ukurasa wa mwisho wa daftari lake la maandalio ya masomo, akaandika kwa kalamu nyekundu, ile ya kusahihishia: 60 − 31 = 29. Chini yake, 29 × 12 = 348.

"Mpaka hapa nimefika mwenyewe, mwanangu. Ila hii 12.5 ndiyo inaninyima usingizi. Ndiyo miaka waliyotupangia kuishi?"

Hayuko peke yake. Kikokotoo ni kanuni ya kukokotoa mafao ya mstaafu, na 12.5 ni moja ya namba zake. Mitaani utasikia kwamba serikali imeshapiga hesabu mstaafu atakufa akiwa na miaka 72 na nusu, na akikaidi penseni inakatwa. Haikatwi. Penseni ya mwezi inalipwa hadi mstaafu afariki, awe na miaka 73 au 103. Ile 12.5 ina kazi nyingine, na ukiijua utaona pia kwamba katika kelele zote za kikokotoo, namba zilizokula fedha nyingi hazikupigiwa kelele sana.

Tuanze na 348 za mwalimu. Hiyo ni miezi atakayokuwa amechangia akitoka na miaka 60, kwa kuwa aliajiriwa akiwa na 31. Sharti la kupata penseni ni miezi 180, kwa hiyo hapo amevuka zamani. Kila mwezi mshahara wake hukatwa asilimia 5 kwenda PSSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii wa watumishi wa umma, na mwajiri anaongeza 15. Wengi hudhani michango hiyo ndiyo inayojumlishwa na kurudishwa uzeeni. Sivyo. Kanuni haiangalii ulichanga kiasi gani. Inaangalia miezi mingapi, na wastani wa mishahara ya mwaka kwa ile miaka mitatu iliyokuwa minono zaidi.

Tuseme wastani wa mwalimu ni shilingi milioni moja kwa mwezi, yaani milioni 12 kwa mwaka. Miezi 348 inagawanywa kwa 580, inatoka 0.6 kamili. Mara milioni 12, ni milioni 7.2. Hiyo ndiyo penseni yake nzima ya mwaka kabla haijakatwa vipande.

Sasa kisu. Sehemu ya hiyo penseni mfuko unainunua kwako siku unapostaafu, unakulipa taslimu. Ndio mkupuo, ambao wazee wetu wanaendelea kuuita kiinua mgongo. Kwa watumishi wa kundi la mwalimu sehemu hiyo ni asilimia 40, yaani milioni 2.88 za kila mwaka. Na bei ya kununulia? Kila shilingi moja ya penseni ya mwaka unayoiachia, unalipwa shilingi 12.5. Milioni 2.88 mara 12.5 ni milioni 36. Asilimia 60 iliyobaki inagawanywa kwa miezi 12, mwalimu anapata shilingi 360,000 kila mwezi.

Kwa hiyo 12.5 ni bei. Ni kama mwenye ng'ombe anayemwuzia mtu leo maziwa ya miaka 12 na nusu ijayo ya chuchu mbili kati ya nne, akabaki anakamua mbili nyingine mpaka ng'ombe afe. Ukiishi zaidi ya miaka hiyo, ulichouza ulikiuza rahisi. Ukifa mapema, mnunuzi ndiye aliyepunjika.

Ubishi ulipoanza, mwaka 2018, mifuko minne ya PSPF, LAPF, GEPF na PPF iliunganishwa kuwa PSSSF. Kabla ya hapo mwanachama wa PSPF au LAPF alikuwa akigawanya miezi yake kwa 540, anachukua nusu nzima kwa mkupuo, na bei ilikuwa 15.5. Wa PPF na wa NSSF, mfuko wa sekta binafsi, walikuwa tayari kwenye 580, asilimia 25 na 12.5. Kanuni mpya ikawatelemsha wote huko chini. Mwalimu wangu kwa kanuni ya zamani angepata mkupuo wa karibu milioni 59.9 na penseni ya shilingi 322,000. Kwa ile mpya, milioni 22.5, ila penseni ya 450,000. Mtu aliyeshajenga msingi wa nyumba akitegemea milioni 60, mwambie 22.5 uone.

Tarehe 28 Desemba 2018 Rais Magufuli akaamuru kanuni za zamani ziendelee hadi 2023. Julai 2022 ikaja ya asilimia 33 kwa wote. Juni 2024, katika hotuba ya bajeti, Waziri wa Fedha Mwigulu Nchemba akatangaza kuipandisha hadi 40 kwa waliokuwa wakipata 50, na hadi 35 kwa waliokuwa kwenye 25. Watu walishangilia, na haki yao. Ila tazama: hata leo wangerudishiwa asilimia 50 kamili, mkupuo wa mwalimu ungekuwa milioni 45, si 59.9. Hizo karibu milioni 15 zimelala kwenye 580 na 12.5, namba mbili ambazo hazitamkiki vizuri kwenye bango la Mei Mosi.

Mwalimu akaweka kalamu chini. "Basi nafuu wangeniachia yote ya kila mwezi. Mama yangu amefariki na miaka 91."

Nilidhani vivyo hivyo mpaka tulipokaa na simu. Kutoka asilimia 33 kwenda 40, mkupuo wake unapanda kwa milioni 6.3 na penseni inashuka kwa shilingi 42,000 kwa mwezi. Gawanya, unapata miezi 150: miaka 12 na nusu, kama tulivyosema. Lakini hesabu hiyo inachukulia kwamba milioni 6.3 imewekwa chini ya godoro. Ukigeuza 12.5 kichwa chini inakuwa asilimia 8. Yaani popote utakapoweka mkupuo ukazaa zaidi ya asilimia 8 kwa mwaka bila kupotea, umemshinda mnunuzi wako. Hatifungani za serikali, yaani mkopo unaoikopesha serikali, zinazouzwa kwa mnada na Benki Kuu, za miaka 2 hadi 25, hulipa riba kila baada ya miezi sita. Kwa mfano wa riba ya asilimia 12, milioni 6.3 inaleta shilingi 756,000 kwa mwaka, sawa na 63,000 kwa mwezi badala ya 42,000 uliyoiachia, na mtaji upo pale pale. Asiyetaka minada ana mifuko ya uwekezaji wa pamoja ya UTT AMIS, ukiwamo Jikimu ambao uliundwa makusudi kutoa gawio kwa vipindi.

Tatizo la mkupuo halijawahi kuwa hesabu. Tatizo ni kwamba unafika siku ambayo kila mtu anajua umefika. Bati, harusi ya mtoto wa dada, pikipiki mbili za kijana anayeapa kuleta hesabu kila jioni.

Na swali la mwanzo, 57 au 60? Kisheria mtumishi wa umma anaweza kutoka kwa hiari akifika 55, na kwa lazima akifika 60. Madaktari bingwa na maprofesa huruhusiwa hadi 65. Hakuna siri ya mwili iliyojificha kwenye namba hizo. Ujerumani, ilipotunga sheria yake ya penseni ya wazee mwaka 1889, iliweka miaka 70, ikaja kushusha hadi 65 mwaka 1916. Zanzibar nayo, tangu Aprili 2016, inawalipa pensheni jamii wazee waliofika 70, hata asiyewahi kuajiriwa popote.

Mwalimu akitoka leo ana miezi 312. Kwa kanuni tupu, mshahara ukiwa ule ule, mkupuo unakuwa kama milioni 32.3 na penseni karibu 323,000. Tofauti na 60 ni shilingi 37,000 kwa mwezi, na mtu anaweza kusema si kitu. Mimi nasema aangalie mahali pengine: anaacha mishahara 36 mezani, na kwa miezi hiyo hiyo ataishi kwa theluthi moja ya alichozoea. Kutoka mapema ni kwa mtu ambaye kipato chake cha pili, mabanda ya kuku au vyumba vya kupangisha, kimeshakuwepo kwa misimu miwili mitatu na kimeonyesha ubaya wake. Si cha kuanzishwa kwa mkupuo. Wa pili ni mgonjwa. Huyo hesabu hizi hazimhusu, apumzike. Na kabla ya barua yoyote, aende ofisi ya mfuko wakamtolee makadirio yake mwenyewe na kuhakiki kama michango yote imeingia. Mwezi usioonekana kwenye taarifa ni rahisi kuufuatilia ukiwa kazini.

Alipindua karatasi. Upande wa pili akaandika 36 juu, akachora mistari mitatu. Nyumba, 14. Hatifungani, 20. Iliyobaki, 2, akaiandikia "wageni".

"Wageni gani?" nikauliza.

"Watakaokuja wiki ile ile, mwanangu. Utawaona. Wengine nitakuwa sijawaona tangu 1998."

Nikamwuliza na tarehe ya kutoka aiandike. Akaandika mwaka atakaotimiza 60, halafu pembeni, kwa herufi ndogo: magoti yakikubali.