Bomba la pazia kwenye jipsamu: lifunge lisishuke tena

Mabomba mengi ya pazia ninayoitwa kuyarudishia hapa Tanga hayakuangushwa na pazia zito. Aliyeyafunga alichukua fisha ya ukuta wa tofali akaipigilia kwenye jipsamu. Fisha ile ya plastiki kazi yake ni kutanuka ndani ya tundu na kulibana tofali pande zote. Kwenye bodi ya milimita 12 haina cha kubana, maana nyuma yake ni uwazi. Ikitanuka inausaga tu ule unga ulio katikati ya karatasi mbili, na siku pazia likivutwa kwa nguvu inachomoka na bonge lake.

Nyumba zetu nyingi, kuanzia Ngamiani mpaka Raskazone, kuta za nje ni za tofali za saruji. Jipsamu tunakutana nayo kwenye ukuta wa kugawia sebule au ofisi, kwenye bodi iliyobandikwa juu ya ukuta mkongwe ili uonekane umenyooka, na kwenye boksi la pazia linalotengenezwa darini. Kila mahali pana ufungaji wake, kwa hiyo usinunue skrubu hata moja kabla hujajua nyuma ya bodi kuna nini.

Mimi nategemea unga. Toboa tundu la milimita 3 pale ambapo breketi, kile kishikio cha bomba, itapafunika, taratibu, huku umekinga kiganja chini. Ukishuka unga mweupe laini, halafu biti ikazama ghafla, hapo ni bodi na uwazi. Ukishuka mweupe, kisha biti ikagoma kidogo na kutoa vichembe vinavyong'aa, umeipata chaneli ya chuma, yaani nguzo inayoshika bodi. Mweupe ukifuatiwa na wa kijivu, bodi imeegemea tofali. Hapo tumia fisha na skrubu ndefu, ili fisha yote ikae ndani ya tofali na isiishie kwenye bodi. Na kwenye nyumba za zamani za mawe, baada ya jipsamu unashuka unga wa rangi ya maziwa wenye chembe ngumu za matumbawe. Ukuta wa namna hiyo zima hama ya drili, toboa kwa kuzungusha tu, kwa sababu chokaa inayoshika yale mawe inamomonyoka na tundu linakuwa pana kuliko fisha.

Ukuta wa kugawia una nguzo zake za chuma au mbao, na zinatafutika. Bodi ina upana wa mita 1.2, na fundi anataka kingo zake zikutane katikati ya nguzo, ndiyo maana nguzo hukaa kila sentimita 60 au 40. Pitisha sumaku ndogo juu ya ukuta. Itanasa kwenye vichwa vya skrubu zilizoshika bodi, na mstari wa skrubu wima ndio nguzo. Pembeni mwa kila dirisha au mlango lazima pawe na nguzo pia. Breketi ikiweza kuangukia hapo, umemaliza. Jihadhari tu na eneo lililo juu au chini ya swichi, kwa kuwa waya kwa kawaida hupanda au kushuka moja kwa moja kutoka pale.

Mama mmoja wa Chumbageni aliniuliza, "Fundi, si uweke fisha kubwa zaidi tu?" Ni swali zuri, na jibu lake liko kwenye mkono wa breketi. Chukua bomba na mapazia yake mawili, la kitambaa na la nyavu, vyote kilo 8. Kila breketi inabeba kilo 4. Lakini bomba linakaa sentimita 10 mbele ya ukuta, na kutoka skrubu ya juu hadi ukingo wa chini wa breketi ni sentimita 4 tu. Kilo 4 mara 10, ukigawa kwa 4: skrubu ya juu inavutwa nje kwa nguvu ya kilo 10. Hapo mtoto hajaning'inia, wala upepo wa kusi haujaingia dirishani na kulijaza pazia mchana kutwa. Fisha kubwa kwenye bodi ileile inakuongezea tundu kubwa. Kinachosaidia ni breketi ndefu kwenda chini, mkono mfupi, na kitu kigumu nyuma.

Nguzo isipopatikana unapotaka breketi ikae, dawa ninayoiamini kuliko zote ni ubao. Tafuta ubao mkavu wa inchi 3, upige randa, uupitishe juu ya dirisha lote kutoka nguzo hadi nguzo, uufunge kwenye nguzo hizo, kisha uupake rangi ya ukuta. Sasa breketi unaiweka popote. Kwa pazia jepesi, boliti ya mabawa inatosha: mabawa yanapita tunduni yamekunjwa, yanafunguka nyuma na kusambaza uzito kwenye eneo pana la bodi. Bomba likizidi mita 1.8 au hivi, weka breketi ya katikati, usibishane nalo.

Zile skrubu nyeusi za jipsamu ziache kwenye bodi. Ni ngumu lakini zinakatika shingo zikibebeshwa uzito wa pembeni, na hewa yetu ya bahari inazitia kutu haraka. Nunua za chuma kisichoshika kutu, hata kama bei inauma.

Tundu lililokwisha kung'oka usilijaze vijiti vya kiberiti na gundi. Kata kipande cha mraba kuzunguka uharibifu, ingiza kibao nyuma na ukifunge, weka kipande kipya cha bodi, tepu ya nyavu, jipsamu ya unga, msasa, rangi. Breketi ihamishie pengine.

Boksi la darini ndilo linalonisumbua zaidi, kwa sababu bodi ya dari mara nyingi ni ya milimita 9 na uzito wote unaivuta kwenda chini moja kwa moja. Humo hakuna fisha ya kuaminika. Panatakiwa mbao ya 2 kwa 4 iliyotiwa dawa ya mchwa, iliyofungwa kwenye kenchi au zege juu ya bodi, ikipita urefu wote wa boksi. Kama unajenga sasa, mwambie fundi wa dari leo, kabla hajapandisha bodi, na piga picha ya mbao ilipo ukiwa umeweka tepu pembeni. Ikishafunikwa na kupakwa rangi, kuiongeza ni kukata dari.