Dereva wa Bredauni Anayetaka Kuwa Mwokoaji: Yanayosemwa Malindi na Yaliyo Kweli

Kila inapotokea ajali mbaya katika barabara ya kutoka Malindi kwenda Mombasa, au ile inayovuka daraja la Sabaki kuelekea Garsen na Lamu, dereva wa bredauni, yaani lori la kuvuta magari yaliyoharibika, ni miongoni mwa watu wanaofika mapema, na si ajabu kwamba wengi wao hufikiria kuacha kuvuta magari na kujiunga na zimamoto au ambulensi. Ni nia njema ambayo pwani yetu inaihitaji. Tatizo ni kwamba maneno wanayoambiwa kuhusu kazi hiyo, ya kuwatia moyo na ya kuwavunja moyo, mengi hayana msingi.

Linalosemwa zaidi ni kwamba dereva wa aina hii tayari ni mwokoaji, na kwamba kilichobaki ni kuvaa sare. Ukweli ni kwamba ana ujuzi ambao wengine huchukua muda mrefu kuupata. Anajua kwamba lori lililolala ubavu bado linaweza kuendelea kubiringika, anakadiria uzito kwa jicho, na kabla ya kukaza winchi, mashine ya kuvutia kwa waya, hutandika gunia lenye maji au koti zito juu ya waya ili ukikatika uanguke chini badala ya kuruka na kumkata mtu. Hata hivyo, jicho lake limefunzwa kulitazama gari. Hutafuta pa kufunga mnyororo, ilhali mwokoaji hutafuta kwanza anayepumua, anayevuja damu na asiyejibu akiitwa. Gari lenye mtu ndani halivutwi. Huwekewa vigingi na magogo lisitikisike, huzimwa, na betri hufunguliwa ikiwezekana. Hata baada ya hapo, mfuko wa hewa wa usukani ambao haukufumuka unaweza kubaki na nguvu ya umeme kwa muda, na kwa sababu hiyo mwokoaji hapitishi kichwa wala kifua chake kati ya usukani na majeruhi. Hili dereva wa bredauni hana budi kujifunza upya, kwa sababu gari analolikuta yeye kwa kawaida limekwisha kuachwa na watu.

Dhana ya pili imewaumiza wengi, nayo ni kwamba mwokoaji hodari ni yule anayemchomoa majeruhi upesi kuliko wenzake. Tumeuona mtindo huo kando ya barabara: mmoja anashika miguu, mwingine mabega, na mtu anatupwa nyuma ya gari dogo au tuktuk huku shingo ikining'inia. Majeruhi huondolewa kwa haraka ya namna hiyo pale tu penye moto, maji yanayopanda, hatari nyingine isiyongoja, au pale pumzi inapokatika naye hawezi kuhudumiwa alipo. Pasipo na hayo, mhudumu mmoja hukaa nyuma ya kiti, akaweka viganja pande mbili za kichwa cha majeruhi, akakituliza bila kukivuta, na kumwambia kwa sauti ya upole asigeuke hata akiitwa jina, kwa kuwa uti wa mgongo uliojeruhiwa unaweza kuharibiwa kabisa na mzunguko mdogo wa shingo. Mwenzake hukandamiza jeraha linalovuja damu kwa kitambaa safi. Chuma kilichozama mwilini hakichomolewi, kwa sababu huenda ndicho kinachoizuia damu isimwagike.

Katika jambo moja, lakini, dereva wa bredauni huwa mbele ya wanagenzi wengine, nalo ni kuwazuia watu. Wakenya hatujasahau Sachangwan, karibu na Molo, ambako mwaka 2009 lori la mafuta lililopinduka liliwaka moto na kuwaua zaidi ya watu 100 waliokuwa wamekusanyika kuchota petroli. Mtu aliyezoea kusimama usiku katikati ya barabara, akapanga vibao vya tahadhari na kuurudisha nyuma umati wenye madumu, anafanya kazi ya uokoaji iliyo kamili kabla hata hajamgusa majeruhi.

Wapo pia wanaodhani kwamba king'ora humpa dereva wa ambulensi ruhusa ya kwenda mbio apendavyo. King'ora huomba njia, hakiondoi wajibu wa uangalifu, na nyuma yupo mhudumu aliyesimama akimtibu mgonjwa, ambaye breki moja ya ghafla inaweza kumwangusha juu yake. Nathubutu kusema kwamba aliyezoea kuburuta mzigo mzito polepole hufaa zaidi kwa usukani huo kuliko mwenye sifa za mwendo.

Kuhusu elimu, shahada ya chuo kikuu si sharti la kuwa fundi wa huduma za dharura za kitabibu. Kinachotakiwa ni mafunzo maalumu yenye cheti. Kuhusu mwajiri, wengi bado huelekeza macho Nairobi, ingawa Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imezikabidhi kaunti huduma za zimamoto na ambulensi, kwa hiyo mkazi wa Malindi hufuatilia matangazo ya Bodi ya Utumishi wa Umma ya Kaunti ya Kilifi. Wala asidhani kwamba kisiwani Lamu hakuna kazi kwa kuwa magari ni haba. Wagonjwa wa Pate na Faza husafirishwa kwa boti, na kumtuliza majeruhi katika mawimbi ya kusi ni ustadi mgumu kuliko wa barabarani.

Halafu kuna dhana kwamba kumfikisha majeruhi asiye na pesa hospitalini ni kazi bure kwa sababu atafukuzwa. Kifungu cha 43(2) cha Katiba kinasema mtu hatanyimwa matibabu ya dharura, na Sheria ya Afya ya 2017 inahesabu huduma ya kabla ya kufika hospitalini kuwa sehemu ya matibabu hayo. Mwokoaji anapaswa kulijua hili na kulitamka mapokezini bila woga.

La mwisho ni lile la moyo mgumu. Husemwa kwamba aliyeona maiti nyingi barabarani hatikisiki tena, lakini kukuta gari tupu lenye damu si sawa na kumshika mkono mtu anayefariki akimwita mama yake. Wahudumu wenye uzoefu mrefu hukosa usingizi vilevile, na wanaodumu kazini ni wale wanaozungumza na wenzao au na mshauri nasaha mapema. Kwa hiyo anayefikiria kuhama asiuze bredauni yake kwanza. Achukue mafunzo ya huduma ya kwanza yanayotolewa na Msalaba Mwekundu au shirika la St John Ambulance, ajitolee nao huku akiendelea na kazi yake, na ndani ya gari lake aweke glavu, bandeji na mtungi wa kuzimia moto.