Mwangaza na rangi ya uso katika picha za kwanjula

Picha nyingi za kwanjula, sherehe ya Kiganda ya kumtambulisha mchumba kwa familia ya bibi harusi, haziharibiki kwenye kamera. Huharibikia kwenye kompyuta, pale mhariri anapoona uso wa bibi harusi una giza, akavuta kitelezi cha vivuli hadi +80. Uso unaonekana, ndiyo, lakini unatoka na rangi ya majivu. Ngozi nyeusi hupata umbo lake kutokana na tofauti kati ya mng'ao wa paji la uso, pua na mashavu, na giza la pembeni. Ukiinua giza peke yake, tofauti hiyo inakufa, wekundu wa ngozi unafifia, na chembechembe zilizokuwa zimejificha kivulini zinatokeza.

Kwa hiyo mimi huanza na mwangaza wa jumla. Kipimo cha mwanga cha kamera hudhani kila kilicho mbele yake ni kijivu cha wastani. Kanzu nyeupe zikijaa kwenye fremu, kamera hupunguza mwanga na nyuso zinazama. Hapo ongeza mwangaza kwa nusu stopu hadi stopu moja (stopu moja ni mwanga mara mbili) huku ukitazama uso tu, kanzu iache kwanza. Kisha shusha sehemu angavu hadi −40 au −60, mikunjo ya kanzu irudi. Vivuli sivipitishi +20, na weusi naushusha kidogo, −5 hadi −10, ili nywele zibaki nyeusi. Haya yote yanataka faili ya RAW, yaani data ghafi ya kamera, si JPEG iliyobanwa. JPEG ina ngazi 256 tu kwa kila rangi, RAW ya biti 14 ina 16,384. Kanzu iliyoungua, yaani iliyozidiwa na mwanga ikawa nyeupe tupu, kwenye JPEG haina mikunjo ya kurudisha.

Usiamini jicho peke yake. Kwenye programu ya kuhariri ya Lightroom, weka kielekezi juu ya shavu lililopigwa na mwanga usome asilimia za nyekundu, kijani na buluu. Kwa ngozi ya kahawia hulenga nyekundu ya 55 hadi 65. Kwa ngozi nyeusi sana, 40 hadi 50 inatosha kabisa, na kulazimisha zaidi ya hapo ni kumbadilisha mtu. Mpangilio ndio muhimu zaidi: nyekundu juu, kijani katikati, buluu chini. Buluu ikikaribia kijani, ngozi inapauka. Kijani ikiifikia nyekundu, mtu anaonekana mgonjwa. Soma shavuni, usisome kwenye mng'ao wa paji la uso, maana mng'ao huakisi anga na huwa na ubuluu wake.

Sasa mizani ya weupe, yaani kurekebisha rangi ya mwanga ili nyeupe ionekane nyeupe, na hapa wengi hukosea kwa nia njema. Wanachukua kifaa cha kuchagua rangi, wanabofya kanzu, uso unageuka machungwa. Sababu iko kwenye sabuni: sabuni nyingi za unga zina kemikali zinazopokea miale ya urujuanimno na kuitoa kama mwanga wa buluu, ndiyo maana nguo hung'aa juani. Programu inaona ubuluu huo, inaongeza umanjano kila mahali. Piga picha moja ya kadi ya kijivu mahali familia itakapoketi, ubofye hiyo. Kama huna kadi, anza na Kelvini (kipimo cha rangi ya mwanga) 5500 kwa jua, 7000 hivi kwa kivuli, kisha rekebisha kwa kusoma shavu.

Hema ni taabu ya peke yake. Kitambaa cha buluu juu ya vichwa ni kichujio: shavu la upande wa ndani linakuwa la buluu, la upande wa wazi linabaki na rangi ya mchana. Mpangilio mmoja hauwezi kutibu mashavu mawili. Sawazisha upande unaobeba sehemu kubwa ya uso, kisha chukua brashi laini, upake upande wa pili ukiongeza ujoto wa rangi kidogo kidogo, +10 kwanza. Nyasi nazo hurusha ukijani chini ya kidevu na shingoni. Hapo brashi yenye majenta +10 hadi +15 inatosha.

Kitelezi cha mwangaza wa rangi ya machungwa kinavutia kwa sababu kinang'arisha ngozi mara moja. Kiache. Kinainua shavu lakini midomo na kingo za pua, zenye wekundu zaidi, zinabaki nyuma, na uso unapata mabaka. Gomesi, gauni la kike la Kiganda, ya hariri yenye rangi ya shaba nayo inapauka bila kosa lolote. Kama ngozi imezidi wekundu kivulini, sogeza nyekundu kuelekea machungwa kwa +5 hadi +10, basi.

Albamu ikitoka na giza, chunguza kioo cha kompyuta kabla ya kumlaumu mchapaji. Kioo kiking'aa mno, unahariri picha nyeusi bila kujua. Kwa chumba cha kawaida, kandela 100 hivi kwa mita ya mraba zinafaa. Usipokuwa na kifaa cha kupimia, shika karatasi nyeupe pembeni ya ukurasa mtupu uliofunguliwa kwenye kioo na ushushe mwanga mpaka vilingane. Hifadhi kwa sRGB, mfumo wa rangi wa kawaida, na kabla hujapeleka kazi nzima kuchapwa, iwe Nasser Road, mtaa wa wachapaji jijini Kampala, au kwingine, lipia nakala moja ndogo yenye nyuso tatu tofauti uitazame nje, kivulini.